Mkopo wa Mbili na Robo

Verlon Tackett wa Lawton, Oklahoma, alinunua nyumba kwa kulipenda deni lake. Sikukosea kusema. Wako wanaopenda veranda, wako wanaotaka jiko lenye nafasi, wako wanaotafuta miti ya kivuli. Verlon alipenda deni. Nyumba yenyewe aliiona vizuri baada ya kuhamia, na hata hapo ni kwa kuwa alijigonga paji la uso kwenye kabati la jikoni ambalo kila mtu aliyewahi kuingia mle alikuwa ameliona isipokuwa yeye.

Lakini nisimcheke kabla sijaeleza alikotoka. Mwaka 2021 riba ya mikopo ya nyumba ilishuka hadi watu wakawa wanakopa kama wanaochota maji ya bure. Verlon alikuwa na miaka hamsini na minane, fundi wa mabasi ya shule, na ujanani aliwahi kuvaa magwanda miaka minne akitengeneza malori katika kambi ya jeshi ya pale pale mjini. Kwa hiyo alikuwa na haki ya mwanajeshi wa zamani: kukopa nyumba bila kutanguliza hata senti. Benki ikamwambia asilimia mbili na nusu. Glenda mkewe, mpishi wa shule ya msingi, alikuwa ameshashika kalamu.

"Ngoja ifike mbili," Verlon akasema.

"Verlon, tia saini."

"Glenda, tulia basi. Mimi nalijua soko."

Soko alilolijua ni la betri na matairi yaliyotumika, lakini alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayepigiwa simu na magavana. Wakangoja. Riba ikagusa chini, ikageuka, ikapanda hadi tatu, hadi tano, hadi saba. Na yule mwenye nyumba waliyopanga, alipoona bei zinavyopaa, akaiuza. Wakafungasha wakahamia kwingine.

Ilikuwa mara ya tatu nyumba kuuzwa wao wakiwa ndani. Kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa walikuwa wamepanga nyumba kumi na moja, na katika zote kumi na moja lilihama nao sanduku moja la karatasi ngumu ambalo Glenda aliliandika kwa kalamu nyekundu: ZA UKUTANI. Ndani yake mlikuwa na picha ya harusi, picha za watoto wawili tangu hawana meno, saa ya mamake, na msalaba aliouchonga kakake. Sanduku halikuwahi kufunguliwa. Wenye nyumba wa huko hukata pesa kwenye amana ya mpangaji kwa kila tundu la msumari, na Glenda hakuwa na dola za kuchezea. "Nikipata ukuta wangu nitalifungua," alikuwa akisema. Zamani alikuwa akisema huku anacheka. Siku hizi alikuwa hacheki. Alichokitaka mama yule ni hicho tu, ukuta ambao hakuna mtu atakayemwambia autoke.

Alichokitaka Verlon ni kingine. Verlon alitaka kuacha kuitwa Ngoja Mbili.

Jina hilo alilipata kwenye duka la donati la Bi Sokha, Mkambodia aliyekuwa akikaanga donati mtaani kwao kwa miaka ishirini. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, wanaume sita walikaa meza ya dirishani. Mahali pengine watu huamkiana kwa kuulizana hali. Hawa waliulizana riba.

"Mbili na nusu," alikuwa akisema Hoyt Beasley, fundi bomba, akijipapasa tumbo.

"Tatu kasoro robo," anasema mwingine.

"Na wewe, Ngoja Mbili?"

"Napanga," Verlon anajibu, na meza nzima inanyamaza kwa heshima, kama waliotajiwa ugonjwa.

Sasa ni huyo huyo Hoyt aliyempa dawa, bila kukusudia. Ilikuwa Machi 2023. Alisimulia kwamba mpwa wake amenunua nyumba ya mwanajeshi anayehama, akauchukua na mkopo wake kama ulivyo, na riba yake ile ile ya zamani. Sheria inaruhusu. Unamlipa muuzaji taslimu ile tofauti kati ya bei na deni lililobaki, halafu unaendelea kulipa deni pale alipoachia yeye.

Verlon aliiweka donati chini. "Na riba ile ya zamani, ati?"

"Kama nilivyokwambia."

"Benki haiipandishi?"

"Haiwezi. Inatamani, lakini haiwezi."

Verlon alitoka bila kuimaliza kahawa yake. Tangu siku hiyo akawa kama mtu anayetafuta mchumba. Lawton ni mji wa jeshi, watu huja na kuondoka kila mwezi, na kila aliyepata barua ya uhamisho Verlon alijua kabla ya jirani zake. Alikuwa akigonga milango. "Samahani, dada, mkopo wenu una asilimia ngapi?" Wengine walimfungia mlango usoni. Mmoja alimwachia mbwa. Na mwishoni mwa mwezi akampata Sajenti Marisol Quiñones, mpiga mizinga, anahamishiwa Korea, mkopo wake asilimia mbili na robo.

Mbili na robo! Hoyt alikuwa na mbili na nusu.

Walikwenda kuiona nyumba Jumamosi. Sajenti, mwanamke mfupi mwenye haraka, alimtembeza Glenda: sebule iliyopakwa rangi nyekundu na nyeusi kwa ajili ya timu ya mpira ya mumewe wa zamani, bafu ambalo mlango wake unafungukia jikoni, shimo la kujikinga na kimbunga katika sakafu ya banda la gari. Nyuma ya ua inapita reli. Kambini walikuwa wanafyatua mizinga kama kawaida, na kila walipofyatua, vikombe kabatini viligongana. Verlon alikuwa amesimama palepale mlangoni, amevaa miwani, anasoma karatasi ya benki.

"Bwana Tackett, huji kuona vyumba?" Sajenti akamwita.

"Vyumba ni vyumba, Sajenti. Hii ni ya miaka thelathini, siyo?"

"Ndiyo. Imebaki ishirini na minane."

"Na robo hii ni robo kweli? Haitabadilika?"

"Haibadiliki mzee wangu. Lakini sikiliza, na mimi nina sharti. Haki yako ya jeshi iingie mahali pa yangu. Nisipoachiliwa haki yangu, siwezi kukopa nyumba nyingine. Sitaki kufika miaka hamsini ninapanga, unanielewa?"

Glenda, aliyekuwa akipapasa ukuta wa sebule kwa kiganja, alimtazama mumewe.

"Anakuelewa sana," akasema.

Bei ilikuwa dola laki mbili na elfu kumi na tano. Deni lililobaki, laki moja na arobaini na nane elfu. Pengo, sitini na saba elfu, lilitakiwa mkononi. Akiba yao yote ilikuwa arobaini. Verlon aliuza bunduki mbili za kuwindia kulungu, akauza gari la Glenda akamwambia watatumia lake, na mwisho, baada ya wiki nzima ya kuizunguka uani, akauza boti yake ya kuvulia samaki. Mnunuzi ni Hoyt. Hoyt alihesabu noti polepole, akaifunga boti nyuma ya gari, na kila Jumamosi tangu hapo akahakikisha anapita na boti ile mtaa wa kina Tackett, ingawa ziwa liko upande mwingine wa mji.

"Roho haikuumi?" Glenda alimuuliza.

"Boti ina riba?" Verlon akajibu. Lakini uso wake aliugeuzia ukutani.

Ikabaki benki. Lo, benki! Sheria inailazimisha kuukabidhi mkopo, lakini hakuna sheria inayoilazimisha kufurahi. Fikiria mwenyewe: una mteja anayekulipa mbili na robo wakati mtaani watu wanalipa saba, anataka kuondoka, na anakuja babu mwingine kukuomba akulipe vilevile kwa miaka ishirini na minane. Hukimbii kumfungulia mlango. Idara nzima ya kazi hiyo, kadiri Verlon alivyoweza kugundua, ilikuwa dada mmoja anayeitwa Latrice, na ukimngoja, simu yake ilikuwa ikipiga muziki wa filimbi.

"Bwana Tackett, karatasi zako za mshahara zimepita siku sitini."

"Nilizituma zikiwa mpya, dada Latrice."

"Naona. Zimezeekea hapa kwetu. Tuma nyingine."

Alituma nyingine. Nazo zikazeeka. Alituma mara nne. Aliujua muziki ule wa filimbi hadi akawa anaupiga mluzi akiwa chini ya basi, na wenzake gereji wakamwomba kwa jina la Mungu aache.

Sajenti alishaondoka Juni. Nyumba ilikuwa tupu, na majani uani yalikua hadi jiji likabandika onyo. Nani akaenda kuyakata? Verlon. Miezi mitano aliikatia majani nyumba ya mtu mwingine, kwa mashine yake na petroli yake, kwenye jua la Oklahoma ambalo haliulizi umri. Na kila tarehe mosi alimtumia Sajenti ujumbe Korea: "Umelipa mwezi huu?" Sajenti alijibu siku moja: "Mzee Tackett, hata mamangu hanifuatilii hivi."

Mwishoni mwa Oktoba Latrice akapiga simu mwenyewe. Miezi saba kasoro siku mbili. Walitia saini katika ofisi yenye zulia la kijani, na Verlon aliliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi. Glenda alidhani ni uzee. Ni furaha. Alitoka pale akaenda moja kwa moja duka la donati, ingawa ilikuwa saa nane mchana na mezani hakuna mtu, akamwambia Bi Sokha peke yake, "Mbili na robo." Bi Sokha, aliyekuwa anafuta kaunta, akasema hongera, akadhani ni uzito wa mjukuu.

Kesho yake mezani walikuwepo wote. Sitaki kutia chumvi, lakini Hoyt alipoisikia alimeza donati bila kutafuna.

"Mbili na robo? Wewe?"

"Mimi."

"Kwa mwaka huu wa riba ya saba?"

"Kwa mwaka huu."

Jina la Ngoja Mbili lilikufa asubuhi ile. Wakaanza kumwita Mbili na Robo, na mtu alipoingia dukani walimwonyesha kwa kidole. Katika maisha yake yote Verlon alikuwa amechelewa: alichelewa kuacha sigara, alichelewa kununua hisa, alichelewa hata harusi yake kwa dakika arobaini. Mara hii moja alikuwa amewahi, tena alipoingia mlango ulikuwa umeshafungwa kwa wengine wote. Alitaka kuitundika taarifa ya mkopo sebuleni, katika fremu.

"Hapana," akasema Glenda.

"Kwa nini? Si ulikuwa unataka misumari?"

"Ukuta wa benki huo, Verlon. Msumari wangu sipigi kwenye ukuta wa benki."

Akadhani anatania. Akaibandika kwenye friji kwa sumaku, na sanduku la ZA UKUTANI likasukumwa nyuma ya kochi, limefungwa kwa utepe wa gundi uleule wa siku zote. Verlon hakuliona. Alikuwa anatazama friji.

Kumwelewa Glenda inabidi ujue babake. Mzee huyo alilima ngano karibu na Walters, na mwaka 1979 alipomaliza deni la shamba aliwaita majirani, akaiweka hati ya mkopo kwenye bati la kuokea keki, akaichoma uani mchana kweupe. Watu wa kule hufanya hivyo, au walikuwa wakifanya. Hata makanisa huchoma hati zao, kwaya ikiimba. Glenda alikuwa na miaka kumi na minne. Alimwona babake akilia, mara ya kwanza na ya mwisho, na jioni hiyo mzee alipiga misumari nyumba nzima kama mwendawazimu. Bati lile Glenda alilihifadhi. Verlon alilijua bati, lakini alidhani ni bati.

Januari mzee akafariki, ana miaka tisini na mitatu. Walimzika vizuri. Julai Glenda na kakake waliuza ekari mia na sitini za udongo mwekundu, na fungu la Glenda likawa dola laki moja na elfu hamsini na nane.

Verlon aliposikia hesabu ile hakulala. Si kwa tamaa mbaya, alimpenda mkewe na alimpenda mkwewe. Ni kwamba aliona jambo zuri kuliko yote. Akalichora kwenye karatasi ya kujipangusia ya duka la donati, akaileta nyumbani kama ua.

"Tazama, Glenda. Sisi benki tunailipa mbili na robo, sawa? Pesa za baba tukiziweka benki nyingine kwa amana, wanatupa tano. Tano toa mbili na robo. Tumekopa kwao, tunawakopesha wao, na wanatulipa sisi! Unaona? Tunapata faida tumelala!"

"Naona," akasema Glenda, akimenya viazi.

Baada ya siku mbili akamchorea tena, kwa mishale.

"Naona, Verlon."

Mara ya tatu alimchorea kanisani, nyuma ya karatasi ya matangazo. Glenda aliikunja akaitia kwenye mkoba. Mezani kwa Bi Sokha mpango ule ulizua kitu kama ibada. Hoyt alisema kwa sauti ya chini kwamba katika maisha yake hajaona mtu aliyeikalia benki shingoni namna ile. Verlon akanunua donati za wote.

Jumapili ya pili ya Septemba Glenda alialika watu. Alisema ni kumkumbuka baba. Walikuja baada ya ibada: watoto wao wawili na wake na waume na wajukuu, kakake Glenda, mchungaji na mkewe, na wale wa meza ya donati na wake zao. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi tangu alfajiri, viazi vya kuoka na jibini, maharage matamu, chai ya barafu. Kambini mizinga ilikuwa imepumzika kwa ajili ya Jumapili. Walipokwisha kula, Glenda akatoka jikoni na lile bati kuukuu, akaliweka katikati ya meza uani, akampa mumewe bahasha.

"Ni yako," akasema. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya bi harusi.

Verlon akafungua. Ilikuwa barua ya benki. Aliitambua nembo kabla ya maneno, na moyo wake ulifurahi kidogo, kama unavyofurahi unapoona gari la rafiki. Kisha akasoma. Mkopo umelipwa wote. Salio, sifuri. Akaunti imefungwa.

"Nilimpigia yule dada Latrice Jumanne," Glenda aliwaambia wageni. "Msichana mwema sana! Mkinisikiliza mtacheka: dakika nne. Dakika nne tu kwenye simu, kisha nikatuma pesa, kwisha kazi."

Miezi saba kuingia. Dakika nne kutoka.

Watu walipiga makofi. Mchungaji akasema amina. Hoyt peke yake ndiye aliyekuwa amefunua mdomo, macho yamemtoka, anamtazama Verlon kama mtu anayetazama ajali. Glenda akampa mumewe kiberiti.

"Baba alifanya hivi hivi. Kuna nakala ya hati humo, na ile karatasi ya friji. Choma wewe, mpenzi. Wewe ndiye uliyeitafuta nyumba."

Ile karatasi ya friji! Iko ndani ya bati, imekunjwa vizuri, namba zake zinaonekana. Verlon alipiga njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikazimika. Ya tatu ikashika. Mbili ilianza kuungua, robo ikafuatia, na Verlon Tackett, mbele ya ukoo wake wote na mchungaji, akaangua kilio cha sauti. Mabega yakatikisika. Wanawake wakalia naye. Bintiye akamkumbatia akasema, "Baba ana furaha jamani, mwacheni." Kakake Glenda akatoa kitambaa akasema mzee naye alilia vivyo hivyo.

Wageni walipoondoka, jua lingali juu ya reli, Verlon alimfuata mkewe jikoni. Alikuwa amekasirika, na hasira ilikuwa ya kweli.

"Hukuniuliza."

"Hukuniuliza," Glenda akarudia, akikausha sahani. "Mwaka 2021 uliniuliza?"

"Glenda, lilikuwa deni la mbili na robo! Hakuna deni kama lile tena duniani! Niliuza boti. Nilikata majani ya watu miezi mitano. Kitu kimoja, kitu kimoja tu katika maisha yangu nilichokipata kabla hakijaisha, na wewe umekichoma kwenye bati la keki!"

"Najua."

"Hujui! Nilikuchorea mara tatu! Hukuelewa?"

Glenda aliweka sahani chini. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi zote tatu, ile ya kwanza, ile ya mishale na ile ya kanisani, akazipanga kaunta.

"Nilielewa mara ya kwanza. Tano toa mbili na robo. Mimi huwagawia watoto mia nne chakula kila siku, Verlon, kutoa najua. Ulisema tunapata faida tumelala." Akazikusanya karatasi zile tatu. "Mimi sitaki faida nikiwa nimelala. Mimi nataka kulala. Miaka thelathini na mmoja sijalala. Kila gari likisimama nje nadhani ni mwenye nyumba."

Ikapita treni nyuma ya ua, vikombe vikagongana. Ilipokwisha kupita, Glenda alishakwenda sebuleni. Alilivuta sanduku nyuma ya kochi, akakata utepe kwa kisu cha jikoni, na akabaki amepiga magoti mbele yake bila kugusa kitu.

"Nishikie msumari," akasema hatimaye. "Mimi sijawahi kupiga, nitajigonga."

Alimshikia. Akagongwa yeye kidole, mara mbili. Walipiga misumari tisa kwenye ukuta ule wa nyekundu na nyeusi, ikaisha, na nusu ya picha zikabaki sakafuni.

Asubuhi Verlon alikwenda kwa Bi Sokha kwa sababu miguu ilimpeleka. Mezani walikaa kama walio msibani. Walikuwa wameona wote, na asiyeelewa jana alielezwa na Hoyt.

"Pole, ndugu yangu," Hoyt akasema, na alimaanisha. "Usiku nimepiga hesabu. Karibu elfu nne kila mwaka, zimekwenda."

"Najua."

"Angalau haki yako ya jeshi imerudi. Unaweza kukopa tena."

"Kwa ngapi?"

Hoyt akatazama donati yake. "Sita na nusu."

Bi Sokha alikuwa amekuja na birika la kahawa. Miaka ishirini alikuwa akiwamiminia watu hawa akisikia namba zao, na hakuwahi kuuliza kitu.

"Kwa hiyo hiyo nyumba sasa ni yako?" akamwuliza Verlon.

"Yangu na Glenda."

"Yote?"

"Yote, Bi Sokha. Pamoja na kelele za treni."

"Na za hawa?" akauliza, akizungusha birika juu ya meza, vikombe vyote sita. "Za nani?"

Hoyt alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari. Huko kambini wakaanza kufyatua mizinga ya Jumatatu, vioo vya duka vikatikisika, na Verlon akanunua donati mbili za kupeleka nyumbani akaondoka kabla hawajamwuliza chochote.

Njiani akapitia duka la vifaa vya ujenzi. Akachukua pakiti kubwa ya misumari akaipeleka kwa kijana wa kaunta.

"Mzee, hii Alhamisi inashuka bei," kijana akamwambia. "Nusu kabisa. Kwa nini usingoje?"

Verlon alitia mkono mfukoni kutafuta pochi. Kidole kilikuwa kimevimba, kilimuuma kukipitisha.

"Siwezi," akasema. "Mke wangu ameshika nyundo."

Akalipa bei kamili.